Uzani wa Mama Mja Mzito: Tule kwa Wawili au Tujinyime?



Sifa zote njema ni zake Allah Subhanahu wa Taala, Muumba wa matumbo ya uzazi na Mwenye kuyajua yaliyomo. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.

Wasomaji wapenzi, juma hili tumepokea barua ya binti mmoja ambayo tumeona si vyema kuijibu faraghani, kwani swali lake ni swali la nyumba nyingi za pwani yetu. Tumeifupisha na kuondoa yale yanayoweza kumtambulisha. Anasema:

"Mama yetu, nina mimba ya miezi sita, nayo ndiyo ya kwanza. Kabla ya kushika mimba nilikuwa na kilo 46, na sasa nina kilo 49. Muuguzi ameandika urefu wangu kuwa sentimita 158. Dada yangu alijifungua kwa operesheni mwaka jana, akaambiwa mtoto alikuwa mkubwa. Tangu siku hiyo nimeingiwa na hofu ya kisu. Usiku sili, hunywa chai ya rangi nikalala, ili mtoto asinenepe nikashindwa kumzaa. Mavyaa wangu naye hunijazia sahani mchana na kuniambia nile kwa wawili. Nisipoimaliza hununa, husema namnyima mjukuu wake. Kliniki hunipima, huandika kitabuni, na kuniambia nirudi mwezi ujao. Mume wangu husema hayo ni mambo ya wanawake. Sijui nimsikilize nani."

Mwanangu, umefanya jambo jema kuuliza. Kauli hizo mbili unazosukumwa nazo, ile ya kula kwa wawili na ile ya kujinyima ili mtoto awe mdogo, zimekaa katika nyumba zetu miaka mingi, na aghalabu hukaa katika nyumba moja, kama zilivyokaa katika nyumba yako. Zote mbili zimetoka katika mapenzi na hofu, wala hatutazidharau. Lakini zote mbili zina kasoro moja: zinamwambia kila mwanamke jambo lile lile bila kumtazama ni nani, ana umbo gani, na alianza mimba akiwa na uzani gani.

Tuanze na swali ambalo wengi wetu hatujapata kuelezwa. Kilo anazoongeza mama mja mzito huenda wapi?

Mwanamke mwenye uzani wa wastani akiongeza kama kilo 12 hadi siku ya kujifungua, mtoto mwenyewe huwa kama kilo tatu na kidogo tu. Kondo la nyuma huwa na uzani wa kama gramu 700, na maji yanayomzunguka mtoto hukaribia kilo moja. Mji wa mimba, ambao kwa kawaida ni mdogo kama ngumi, hukua hata ukafikia kilo moja. Matiti huongezeka nusu kilo au zaidi yakijiandaa kunyonyesha. Damu ya mama huongezeka kwa kama kilo moja na nusu, na majimaji mengine ya mwili kiasi hicho hicho. Yanayobaki, kama kilo tatu, ni mafuta ambayo mwili huyaweka akiba kwa ajili ya siku za kunyonyesha.

Utaona basi kwamba sehemu kubwa ya uzani huo si unene. Ni damu, ni maji, ni nyumba ya mtoto na chakula chake cha kesho. Mwanamke anayejinyima ili asiongeze kilo hapunguzi mtoto peke yake. Anapunguza pia akiba atakayoihitaji yeye siku ya uchungu na baada yake.

Je, ni kilo ngapi zinazofaa? Hapa ndipo penye siri ya jambo lote: hakuna idadi moja ya wanawake wote. Vipimo vinavyofuatwa na wahudumu wengi wa afya duniani vilitolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 1990, vikasahihishwa mwaka 2009. Huanza na uzani wa mama kabla ya mimba ukilinganishwa na urefu wake. Hesabu yake si ngumu. Chukua urefu wako kwa mita, uuzidishe kwa wenyewe. Kisha ugawanye uzani wako wa kabla ya mimba kwa jibu hilo.

Mwanamke ambaye jibu lake liko chini ya 18.5 ni mwembamba kuliko inavyofaa, na huyo hutakiwa kuongeza baina ya kilo 12.5 na 18. Mwenye jibu la 18.5 hadi 24.9 ana uzani wa wastani, naye huongeza baina ya kilo 11.5 na 16. Mwenye 25 hadi 29.9 ana uzani uliozidi, naye humtosha baina ya kilo 7 na 11.5. Mwenye 30 na kuendelea, humtosha baina ya kilo 5 na 9. Hesabu hizi ni za mimba ya mtoto mmoja. Mwenye mapacha ana hesabu yake, na amuulize daktari wake.

Tena kilo hizo haziji kwa pamoja. Katika miezi mitatu ya kwanza, miezi ya kichefuchefu na kuchukia harufu ya vitunguu, mama huongeza nusu kilo hadi kilo mbili tu, na wengine hupungua kidogo. Kuanzia mwezi wa nne, mwembamba na wa wastani huongeza karibu nusu kilo kila wiki, na mnene huongeza kiasi cha robo kilo.

Sasa turudi kwako, mwanangu. Mita 1.58 zikizidishwa kwa wenyewe ni karibu 2.5. Kilo 46 ukizigawanya kwa 2.5 unapata 18.4. Kwa hiyo ulianza mimba ukiwa katika kundi la kwanza, kundi la wanawake wembamba, ambao ndio wanaohitaji kuongeza kilo nyingi kuliko wote. Mwisho wa mwezi wa sita ilitarajiwa uwe umeongeza baina ya kilo sita na tisa. Wewe umeongeza tatu.

Hatukuelezi hayo ili kukutisha. Tunakueleza kwa sababu nambari hizo zimo katika kitabu chako cha kliniki mwezi baada ya mwezi, na hakuna aliyekusomea maana yake. Usingoje mwezi ujao. Nenda juma hili, mwombe mkunga akupime tena, aangalie kiwango cha damu yako, na apime kimo cha tumbo ajue mtoto anakuaje. Kisha urudi nyumbani ule chakula cha usiku. Usijaribu kulipa deni la miezi sita kwa siku tatu. Ongeza kidogo kidogo, kila siku.

Ama hofu yako ya kisu, tunaielewa. Ni nani asiyeogopa? Lakini sikiliza kwa makini. Operesheni ina sababu nyingi. Kuna mtoto aliyekaa vibaya tumboni, kuna kondo lililoziba njia, kuna shinikizo la damu la mama, kuna mtoto aliyechoka wakati wa uchungu. Njaa haimgeuzi mtoto aliyekaa vibaya, wala haipanui nyonga. Inachoweza kufanya njaa ni kumfanya mtoto azaliwe kabla ya wakati wake, au azaliwe na chini ya kilo 2.5. Mtoto wa namna hiyo hupata tabu kuhifadhi joto la mwili, hupata tabu kunyonya, maradhi humpata kwa urahisi, na hatari ya kumpoteza ni kubwa zaidi. Mama naye aliyepungukiwa na damu, akimwaga damu wakati wa kuzaa, hana akiba ya kumwokoa. Umekimbia hatari moja isiyo na hakika, ukaingia katika nyingine iliyo kubwa zaidi.

Hata hivyo, dadako hakuambiwa uongo. Ni kweli kwamba mama anayeongeza kilo kupita kiasi huzidisha uwezekano wa kupata mtoto mkubwa mno na wa kujifungua kwa operesheni. Huzidisha pia uwezekano wa kubaki na unene usioondoka baada ya arubaini, na unene huo ukawa mwanzo wa mimba ijayo. Hapo ndipo tunapotaka kusema na wasomaji wetu wengine, wale wasiofanana na binti huyu.

Katika nchi yetu zaidi ya wanawake wanne kati ya kila kumi walio watu wazima wana uzani uliozidi. Wengi wetu basi huanza mimba tukiwa katika kundi la tatu au la nne, nasi huambiwa maneno yale yale ya kula kwa wawili. Mfikirie mwanamke mwenye urefu wa sentimita 160 aliyeanza mimba na kilo 80. Hesabu yake inatoa 31. Humtosha kuongeza kilo tano hadi tisa kwa mimba nzima. Lakini akifika mwezi wa nane akiwa ameongeza kilo 14, tutamsifu harusini: "Mashaallah, umenona, mumeo anakutunza!" Hakuna atakayemuuliza kama amepimwa sukari. Kwetu unene wa mke umekuwa cheti cha ukarimu wa mume, na wembamba wake umekuwa fedheha ya nyumba. Sifa hizo hazina ubaya wa nia, ila zimewafunga wanawake midomo, hata mwenye wasiwasi akaona haya kuutaja.

Kwa mama kama huyo, si wakati wa kujikondesha. Mimba si msimu wa kufunga chakula ili kupunguza mwili. Lililo jema kwake ni kupunguza sukari na mafuta, kutembea jioni kadiri ya uwezo, na kuomba apimwe sukari, hususan baina ya wiki ya 24 na ya 28, kwani kuna kisukari kinachozuka wakati wa mimba bila ya dalili.

Ni chakula gani basi kinachotosha? Wengi watashangaa kwamba katika miezi mitatu ya mwanzo mwili hauhitaji chakula cha ziada hata kidogo, ikiwa mama alikuwa akila vyema. Kuanzia mwezi wa nne, mwenye uzani wa wastani huhitaji ziada ya kama kalori 340 kwa siku, na katika miezi mitatu ya mwisho kama 450. Hizo si sahani ya pili ya biriani. Ni bakuli la uji wa wimbi uliotiwa maziwa, tende tatu na ndizi moja. Mtu wa pili tunayeambiwa tumlie ni mdogo mno. Hali sahani ya mtu mzima.

Kwa hivyo tutazame zaidi ubora wa kilichomo sahanini. Asubuhi ya mahamri manne na chai yenye sukari nyingi, saa nne viazi karai, alasiri bhajia na soda, hushibisha na kunenepesha, lakini haviongezi damu. Pwani yetu ina neema zisizo ghali. Kuna mbaazi na kunde, kuna mchicha na mtoriro, kuna dagaa na samaki wadogo, kuna mayai, na kuna maembe na mapapai kwa misimu yake. Asiyemudu nyama hajakosa kila kitu. Anayeweza kuongeza yai moja na kijiko kikubwa cha mbaazi kila siku amefanya jambo kubwa.

Chai, tuipendayo sana, tuitenge na chakula na vidonge vya kuongeza damu. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, basi inywewe saa moja au mbili baadaye. Na mwenye hamu ya kula udongo asifiche. Aghalabu hamu hiyo huandamana na upungufu wa damu, na dawa yake iko kliniki.

Wako pia wanaochelewa kwenda kliniki mpaka mwezi wa tano au wa sita kwa kuhofia kijicho. Kijicho hatukikanushi, na dua zake tumefundishwa. Lakini chumba cha mkunga si ukumbi wa harusi. Anayekwenda mapema hupimwa uzani wake wa mwanzo, na uzani huo ndio msingi wa hesabu zote tulizozieleza. Anayechelewa huikosa nambari hiyo, na mkunga hubaki kukisia.

Neno la saumu nalo halina budi kutajwa, kwani kila mwaka Ramadhani huwakuta wajawazito miongoni mwetu. Sheria yetu imempa ruhusa mama mja mzito anayejihofia au anayemhofia mtoto wake kula mchana. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani, aliyejihofia yeye atalipa siku zake. Aliyemhofia mtoto peke yake atalipa na kutoa fidia. Mama aliye nyuma katika uzani, kama binti yetu huyu, amuulize mkunga kwanza na kisha amuulize shekhe wake, wala asione kwamba kuitumia ruhusa ya Mola ni upungufu wa imani.

Sasa, mavyaa mpenzi, tunakuomba utege sikio. Sahani unayoijaza ni dalili ya mapenzi, na binti huyu anahitaji mapenzi hayo. Lakini usimjazie mchana tu na kumwacha alale na chai usiku. Mgawie kidogo kidogo, mara tano kwa siku. Mkiwa mnakula sinia moja, hakikisha kwamba kipande cha samaki na mboga vinamfikia, visiishie kwa wageni na watoto. Na akisema ameshiba, mwamini.

Nawe mume, uliyesema hayo ni mambo ya wanawake, ikumbuke Surat At-Talaq. Humo Mwenyezi Mungu amewaamrisha wanaume kuwakimu hata wake waliowataliki, maadamu ni wajawazito, mpaka wajifungue. Ikiwa haki ya mtalaka mja mzito ni hiyo, itakuwaje haki ya mkeo uliyenaye ndani? Mazungumzo ya chakula chake ni wajibu wako. Fuatana naye kliniki japo mara moja, kaa naye, fungua kitabu chake, usome nambari zilizoandikwa. Na ukumbuke kwamba Bibi Maryam alipokuwa katika uchungu, Mola wake hakumwacha na njaa. Alimpa maji chini yake na tende mbivu juu yake.

Kwa wajawazito wote wanaotusoma, tunawausia kuuliza mkunga maswali manne kila wanapopimwa. Uzani wangu ulikuwa ngapi nilipoanza? Niko katika kundi lipi? Nimeongeza kilo ngapi tangu nilipopimwa mara ya mwisho? Je, hizo ni nyingi, chache, au zinatosha? Wauguzi wetu wana foleni ndefu na muda mfupi, na pengine hawatasema bila kuulizwa. Kuuliza si utovu wa adabu.

Tena kuna jambo moja lisilongoja siku ya kliniki. Mama akiongeza uzani ghafla ndani ya siku chache, akavimba uso na mikono, akaumwa sana na kichwa, akaona ukungu machoni au akaumwa chini ya kifua, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku. Hizo zaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba, nacho huua.

Mwanangu uliyetuandikia, umetuuliza umsikilize nani. Kisikilize kitabu chako, ukisomewa na mkunga anayejua. Mtoto uliyenaye ni amana, na mwili uliombeba ni amana pia. Hakuna anayetakiwa kuidhulumu moja ili ailinde nyingine. Leo usiku, kabla ya kulala, kula. Kisha utuandikie tena ukishapimwa, utujuze nambari imesema nini.

Tunamwomba Allah akujaalie wewe na wajawazito wote uzazi mwepesi na watoto wema wenye afya. Amin.

Wabillahi tawfiq.